Mpiga pasi wa hospitali aliyejifunza kusema "nitakuwa nimekungoja"

Saa mbili kasorobo asubuhi. Katika chumba cha kufulia cha hospitali, wanawake wawili wameshikilia shuka jeupe, mmoja huku, mwingine kule, hatua nne kati yao. Wanalivuta mpaka linanyooka, wanalikunja kwa urefu, kisha wanaendeana na kukutana katikati, ncha kwa ncha.

"J'aurai plié," anasema mkubwa wao, akipokea ncha.

"Tu auras plié," anaitikia mwenzake.

Nitakuwa nimekunja. Utakuwa umekunja. Shuka la tatu linakuja na "atakuwa amekunja", la nne na "tutakuwa tumekunja". Wanapofika "watakuwa wamekunja", mashuka sita yako mezani, yamepangwa kama madaftari mapya.

"Mimi usiniulize maana," anasema yule mdogo, ambaye wenzake wamempa jina la Kipenga kwa sababu ya sauti yake. "Mimi naitikia tu. Mwenye shida na Kifaransa ni huyu hapa."

Mwenye shida ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tisa, mwenye viganja vilivyokomaa kwa mvuke, ambaye hospitali nzima inamfahamu kwa jina la Mama Pasi. Ana miaka ishirini na mmoja ndani ya chumba hiki. Kwa siku, yeye na wenzake wanne hufua, hukausha na kupiga pasi mashuka yasiyopungua mia tatu na arobaini, mbali na foronya, mapazia na nguo za chumba cha upasuaji. Ikifika saa nne, hata ukuta unatoka jasho.

Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitatu. "Kiswahili chenyewe sijakimaliza," anasema. "Nani angeniambia uzeeni nitakuja kuhangaika na lugha ya watu?"

Kilichomfikisha hapo ni neno moja, alilolitamka Jumapili moja mchana bila kujua ameulizwa nini.

Mama Pasi alijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume. Miaka kumi na moja iliyopita kijana huyo, fundi wa lifti, alipata kazi katika nchi ya mbali ambako watu huzungumza Kifaransa. Akaoa hukohuko, akapata binti.

"Alinipigia simu siku ileile mtoto alipozaliwa. 'Mama, umepata mke mwenza.' Nikamwambia mlete haraka nimwone, kama ni mzuri kunishinda nijue la kufanya."

Hakumleta. Mara ya kwanza safari ilikwama kwa ajili ya vibali. Mara ya pili kazi ilimbana. Mara ya tatu tarehe zilikuwa zimeshapangwa alipoanza kuumwa, na aliumwa siku tisa tu. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Mazishi Mama Pasi aliyaona kwenye simu, amekaa juu ya kikapu cha mashuka yaliyokuwa bado na joto la pasi, wenzake wamemzunguka. Simu aliishika Kipenga.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mjukuu alikuwa na miaka mitano.

Tangu hapo, kila Jumapili saa tisa alasiri, mkwe wake humpigia. Mkwe huyo ana Kiswahili cha kuokoteza alichofundishwa na mumewe: "shikamoo mama", "sisi tumekula", "mtoto mzima". Mtoto hana Kiswahili kabisa. Na bibi, kwa upande wake, alikuwa na akiba ya maneno matatu ya Kifaransa: "bonjour", la kusalimia, "ma chérie", yaani mpenzi wangu, na "oui", yaani ndiyo.

"Yalitosha," anasema. "Yeye anaongea kama chiriku, mimi naitikia. Oui, ma chérie. Oui, oui. Tulikuwa tunapendana hivyohivyo, kila mtu na lugha yake."

Mapema mwaka huu mkwe alitoa habari njema: likizo ndefu ya shule ikifika, yeye na binti watakuja. Jumapili iliyofuata, mkwe akiwa ameinuka kwenda kuzima jiko, mtoto alisogeza uso karibu na simu, karibu kabisa, hata bibi akawa anaona jicho moja na pua. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Mamie, quand je viendrai, tu seras partie, comme papa ?"

Bibi alilishika neno moja tu, "papa". Alidhani mtoto anamweleza habari fulani ya baba yake, kumbukumbu fulani nzuri. Akatabasamu.

"Oui, ma chérie," alijibu. "Oui, oui."

Uso ukaondoka. Kwenye simu ikabaki dari.

"Nikaita, nikaita. Nikasema ni mtandao huo."

Siku tatu baadaye mkwe alipiga, na safari hii hata salamu hakutoa. "Mama, mtoto analia. Anasema Bibi mwenyewe kasema. Bibi kasema atakufa."

Ilichukua muda, kwa Kiswahili kile cha kuokoteza, mambo kueleweka. Baba yake alipofariki, wakubwa nyumbani walimficha mtoto neno lenyewe. Walimwambia "papa est parti", baba ameondoka. Mtoto alikuja kujua mwenyewe kuondoka huko ni kwa namna gani. Kwa hiyo swali lake lilikuwa hili: Bibi, nitakapokuja, utakuwa umeondoka, kama baba?

Na bibi alijibu ndiyo. Mara tatu, huku akitabasamu.

Mama Pasi anaisimulia sehemu hii akiwa ameipa kisogo meza, anakung'uta foronya ambayo haina vumbi. "Nilipanda kliniki nikapime presha, sijui kwa nini. Nilijiona kama nimeshajitabiria mwenyewe." Presha ilikuwa mia moja na sabini.

Mkwe alijaribu kumtuliza binti. Alimweleza kwamba Bibi hajui Kifaransa, hakuelewa alichoulizwa. Mtoto akajibu: Bibi anajua "oui".

"Na kweli," anasema Mama Pasi. "Hilo nalijua. Utamwambia nini mtoto mwenye akili hivyo?"

Jumapili iliyofuata mtoto alikataa kuja kwenye simu. Akasema na safari haitaki. Ya nini kwenda mahali ambako hakutakuwa na mtu?

Wakati huo, wodi ya mifupa, kitanda namba kumi na mbili, alikuwa amelazwa mwalimu mstaafu wa Kifaransa, mzee wa miaka sabini na minne aliyevunjika paja akiwa juu ya kigoda anatafuta kitabu kabatini. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na uzito, na wauguzi walikuwa wakipigiana kura nani amhudumie. Mara mbili alirudisha shuka kwa sababu lilikuwa na mkunjo. Mara ya pili alilisindikiza kwa ujumbe: shuka hili limepigwa pasi na mtu aliyefumba macho.

Jumatatu, Mama Pasi aliyafanya mambo mawili ambayo hakuwahi kuyafanya. Alipiga pasi shuka moja kwa dakika kumi nzima. Kisha hakumpa mhudumu alipeleke. Alipanda nalo ngazi mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu. Hili nimelipiga mimi, macho wazi."

"Marahaba. Weka hapo."

Aliliweka. Hakuondoka.

"Mwalimu, nilikuwa naomba unipe neno moja la Kifaransa."

"Neno gani?"

Akamweleza yote, tangu lifti mpaka dari ya jikoni. Wauguzi waliokuwapo wanasema mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na kwamba hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Neno moja sikupi," alimwambia mwishowe. "Neno moja ndilo lililokuponza. Nitakupa wakati mzima."

Wakati huo Wafaransa wanauita "futur antérieur". Wanasarufi wa Kiswahili huuita wakati ujao timilifu, nao husema juu ya jambo litakalokuwa limeshakamilika kabla jingine halijatokea. Mama Pasi ana maelezo yake mwenyewe.

"Daktari akiingia wodini saa tatu, mimi nitakuwa nimeshapeleka mashuka. Yote mawili bado, si ndiyo? Daktari hajaingia, mimi sijapeleka. Lakini la kwangu linatangulia. Ndio huo tu, hakuna mzimu ndani yake."

Mwalimu alianza kwa kumwonyesha kwamba kitu chenyewe anacho mdomoni tangu utotoni. "Nitakuwa nimefua" ni vipande viwili: "nitakuwa", kisha "nimefua". Kifaransa nacho kinaunga hivyohivyo. Kipande cha kwanza ni kitenzi kisaidizi, kikiwa katika wakati ujao. Cha pili ni tendo lenyewe, likiwa limeshafungwa. "J'aurai" ikikutana na "lavé", inakuwa "j'aurai lavé", nitakuwa nimefua. Mtu akibadilika, kinachobadilika ni kile cha mbele: "tu auras lavé", utakuwa umefua.

"Siku tatu nikawa bingwa," anasema. "Siku ya nne akanitolea mkosi wa pili."

Mkosi wa pili ni kwamba visaidizi viko viwili. Vitenzi vingi huongozwa na "avoir", kuwa na. Lakini viko vichache, hasa vya kwenda na kurudi, kufika na kuondoka, kuzaliwa na kufa, ambavyo havikubali kuongozwa ila na "être", kuwa. Mtu hasemi "j'aurai arrivé". Anasema "je serai arrivé", nitakuwa nimefika. Na kama aliyefika ni mwanamke, mwishoni huongezwa herufi e, "arrivée", ambayo huandikwa lakini haisikiki.

"Nikamuuliza, mwalimu, kama haisikiki naiandika ya nini? Akasema, 'Ili ijulikane kwamba ni mwanamke aliyefika.' Basi. Nikaiandika."

Masomo yalikuwa dakika ishirini kwa siku, wakati wa mapumziko yake ya chai, kwa siku ishirini na sita. Mwalimu hakuwa mpole. Kila "avoir" ilipokaa mahali pa "être" aligonga chuma cha kitanda kwa kijiko.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Si wewe, mwalimu?"

Wodi ikacheka. Baada ya wiki mbili ilikuwa haicheki tu, ilikuwa inasoma. Dereva wa lori wa kitanda cha kumi na nne, aliyefungwa bandeji kuanzia bega hadi kiuno, kila akisikia Mama Pasi anasita alipaza sauti: "Être! Être, mama, usituangushe!"

Siku moja mkuu wa wauguzi aliingia na kumkuta mpiga pasi ameketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo kanuni za hospitali zinalikataza waziwazi. Mama Pasi alisimama wima, daftari mgongoni. Mkuu akageuka akatoka. Akarudi na kiti, akakiweka kando ya kitanda namba kumi na mbili, akaenda zake. Kiti hicho hakikuondolewa tena.

Ugomvi mkubwa wa mwalimu na mwanafunzi ulikuja karibu na mwisho. Mzee alikuwa ameshaandaa sentensi ya kumpelekea mtoto, ameiandika kwa herufi kubwa: "Je ne serai pas partie." Sitakuwa nimeondoka. Ilikuwa sahihi, yenye "être" yake na e yake ya kike.

Mama Pasi aliisoma, akaielewa bila kusaidiwa, akalifunga daftari.

"Hii siwezi kuisema, mwalimu."

"Matamshi yake mepesi mno hayo."

"Si matamshi. Mimi nina presha. Mwanangu alikuwa kijana mzima, na alikuwa anasema anakuja. Mtoto huyu ameshadanganywa kwa neno zuri mara moja. Nikimwambia sitaondoka, halafu ikawa vingine, atamwamini nani tena?"

Mzee alivua miwani.

"Basi unataka tuseme nini?"

"Yale yaliyo mikononi mwangu," alijibu. "Mengine simo."

Walichukua siku mbili kuyachagua.

Jumapili ya tano tangu mtoto aache kuongea, Mama Pasi alikuwa kwenye kile kiti. Ulikuwa muda wa kuona wagonjwa; mwalimu, ambaye wanawe wako mbali, hakuwa na mgeni mwingine. Kipenga, aliyekuwa zamu, alikuwa amepanda na rundo la foronya ambazo hakuna aliyeziagiza.

Saa tisa simu ikaita. Walikuwa wamekubaliana na mkwe: asimlazimishe mtoto, aiweke simu mezani tu, pale anapochora. Kwenye kioo ilionekana kona ya karatasi na kiwiko.

Bibi akafungua daftari.

"Ma chérie," alianza, "je n'avais pas compris." Mpenzi wangu, sikuwa nimeelewa.

Kiwiko hakikutikisika. Penseli ilisikika ikikwaruza karatasi.

"Quand tu viendras, j'aurai lavé tes draps." Utakapokuja, nitakuwa nimefua mashuka yako.

"J'aurai repassé les rideaux." Nitakuwa nimepiga pasi mapazia.

Penseli ikaacha kukwaruza.

"Je t'aurai attendue tous les jours." Nitakuwa nimekungoja kila siku.

Ile "attendue", nimekungoja, ina e mwishoni kwa sababu anayengojwa ni binti. Katika daftari imepigiwa mstari mara mbili.

Kisha sauti ndogo, ya mtu ambaye bado amenuna lakini ameshindwa kuvumilia kosa: "On dit 'dra', Mamie." Bibi alikuwa amelitamka neno "draps", mashuka, pamoja na herufi zake zote, wakati Wafaransa hizo mbili za mwisho huzimeza.

"Dra," alisema Bibi.

"Dra," alisema mwalimu kitandani, taratibu. "Mtoto yuko sahihi. Hilo lilinipita."

Uso ukarudi kwenye kioo, wote safari hii, macho mawili na meno mawili ya mbele yakiwa hayapo. Mtoto alimtazama bibi yake, akauliza jambo ambalo halikuwamo daftarini.

"Et toi, tu seras où ?" Na wewe utakuwa wapi?

Mama Pasi alimgeukia mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani, na hakugeuka.

"À la porte," alijibu mwenyewe. Mlangoni.

Mtoto akafikiri.

"D'accord," akasema. Sawa.

"Nililia mpaka foronya nane safi zikalowa," anasema Kipenga. "Ikabidi nizirudishe mashineni. Mimi sikuelewa hata neno moja, nilikuwa namtazama usoni tu."

Sasa ni wiki ya saba tangu mwalimu aruhusiwe kwenda nyumbani. Anatembea kwa fimbo, na kila Jumanne akimaliza kliniki yake hushuka mpaka chumba cha kufulia, ambako amewekewa kile kiti karibu na mlango, penye hewa. Anashikilia kwamba hakuja kufundisha. "Nimekuja kukagua mikunjo," anasema, na kweli huinua shuka moja moja, akalitazama kwenye mwanga, kabla ya kuuliza: "Jumapili alisema nini?"

Mtoto naye amejiteua kuwa mwalimu wa pili. Kila wiki huja na kitenzi kipya na kutaka Bibi akiweke kwenye sentensi: atakapokuja, Bibi atakuwa amefanya nini tena? Orodha imerefuka. Bibi atakuwa amenunua penseli za rangi. Atakuwa amefundishwa kuogelea. Hili lilipitishwa bila ridhaa yake.

Tiketi zimeshakatwa. Zimebaki wiki tisa. Mama Pasi ameomba likizo ya siku kumi na nne, ya kwanza baada ya miaka sita, na amepewa. Mashuka ya kitanda cha wageni ameshayafua mara mbili ingawa hakuna aliyeyalalia. Presha imeshuka hadi mia moja na arobaini, na dawa anakunywa kwa saa, kwa sababu, anasema, mlangoni ameahidi kuwapo, na mtu husimama mlangoni kwa miguu yake.

Lakini wiki hizi kuna jambo jingine linalomnyima raha.

"Huyu mtoto amemjua baba yake miaka mitano, na miaka mitatu ya mwanzo haihesabiki, alikuwa mchanga. Mimi ninamjua miaka thelathini na minne. Yuko wapi wa kumweleza? Mama yake alimkuta ameshakuwa mtu mzima. Kabla ya hapo ni mimi tu." Anapanga foronya juu ya foronya. "Sasa huu wakati wangu nilionao ni wa mbele. Huko haunisaidii. Nahitaji ule wa nyuma."

Mwalimu amemwambia kwamba upo, na unaitwa "imparfait", wa mambo yaliyokuwa yakiendelea zamani, na kwamba una miisho yake ya kukariri. Wiki tisa zitatosha?

"Kwa ubishi alionao," anasema mzee, "zitabaki."

Wameshaanza. Mama Pasi anafuta mikono kwenye aproni, anachukua daftari juu ya rafu ya sabuni na kulifungua kwenye ukurasa mweupe wenye sentensi moja tu. Anaisoma kwa kidole, neno kwa neno:

"Ton papa avait peur des poules." Baba yako alikuwa anaogopa kuku.

Hafiki mwisho bila kucheka. "Miaka tisa, limtoto zima, linapanda juu ya meza linaniita nije nimfukuzie kuku! Na kuku mwenyewe kifaranga!" Anacheka mpaka anajifuta macho kwa foronya, na Kipenga anaikwapua kabla haijalowa.

Kisha anachukua kalamu, anamgeukia mzee aliyeketi karibu na mlango.

"Mwalimu, 'alikuwa anapanda juu ya meza' wanasemaje?"

Mwalimu anaiegemeza fimbo ukutani.

"Andika," anasema. "Il montait sur la table."